Je, Wajua? Joho, Kura na Kiti cha Jaji Kando ya Ziwa

Je, wajua kwamba reli ilikaribia kuikosa Kisumu? Mpimaji Macdonald na wenzake walipopima njia ya reli mwaka 1892, mwisho wa safari walioukusudia ulikuwa Port Victoria, kule Bunyala, si mbali na Mto Nzoia unapomwaga maji yake ziwani. Wapimaji waliowafuata wakaona kuwa ukishukia Ghuba ya Kavirondo unaokoa maili nyingi. Desemba 1901 reli ikafika Kisumu, na bandari mpya ikaitwa Port Florence, jina la mke wa mhandisi Ronald Preston. Port Victoria ikabaki na jina la malkia na omena zake.

Je, wajua kwamba siku garimoshi linafika, Kisumu haikuwa upande wa Kenya? Ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Ilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Aprili 1902. Mzee wa Nyahera alilala chini ya serikali moja akaamka chini ya nyingine, na ng'ombe wake hawakusogea hata hatua.

Na sheria zilizomtawala mzee huyo zilitoka Bara Hindi. Mwizi wa kuku wa Nyanza alihukumiwa kwa Kanuni ya Adhabu ya India hadi Kenya ilipotunga yake mwaka 1930. Sheria ya Mikataba ya India ilidumu hata zaidi, hadi kuelekea uhuru.

Je, wajua ni kwa nini Kenya ilikaa nusu karne ya ukoloni bila wakili Mwafrika? Makerere haikufundisha sheria. Ufadhili wa kwenda ng'ambo ulipatikana kwa ualimu, utabibu na kilimo, lakini aliyetaja sheria alitazamwa kwa jicho la pembeni, kwa kuwa watawala walikwisha kuona kule Afrika Magharibi jinsi wakili anavyogeuka mwanasiasa. Kitivo cha kwanza cha sheria katika Afrika Mashariki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, kikiwa na wanafunzi wasiofika 20. Chuo Kikuu cha Nairobi kilisubiri hadi 1970.

Kwa hiyo katika kesi ya Kapenguria ya 1952 na 1953, Jomo Kenyatta na wenzake watano walitetewa na Mwingereza D. N. Pritt, Mnigeria H. O. Davies, na mawakili wa asili ya Kihindi kama Achhroo Kapila na Fitz de Souza. Hakimu Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa ajili ya kesi hiyo, alilipwa pauni 20,000. Miongoni mwa washtakiwa sita, Mluo alikuwa mmoja tu, Achieng Oneko. Rufaa yake ilikubaliwa na hatia ikafutwa. Akaendelea kuwekwa kizuizini hadi 1961. Hiyo ndiyo iliyokuwa maana ya kushinda kesi.

Sasa tuje Gem, huku Nyanza, maana hapa ndipo penye utamu.

Je, wajua kwamba Chifu Odera Akang'o wa Gem alirudi kutoka ziara ya Kampala mnamo 1915 akiwa amezishangaa shule za Waganda, akaamuru kila mtoto wa Gem asome? Mzazi aliyegoma alikiona cha mtema kuni. Leo kampasi iliyoko Yala ina jina lake.

Je, wajua kwamba mkutano wa Piny Owacho wa Desemba 1921, uliowakusanya watu kupinga kodi ya nyumba, kipande na kugeuzwa kwa Kenya kuwa koloni, ulifanyika Lundha, huko huko Gem? Mwenyekiti alikuwa mwalimu, Jonathan Okwiri. Hapakuwa na wakili hata mmoja mkutanoni. Gavana Northey alilazimika kuja kuonana nao mwaka uliofuata.

Miaka miwili baada ya Lundha, mwaka 1923, Gem ikampata mtoto aliyekuja kujaza pengo hilo. Alibatizwa Clement Michael George Argwings-Kodhek. Alipokomaa kisiasa aliyatupa majina ya ubatizo akajiita Chiedo More Gem, lakini kwa ujanja wa aina yake: herufi za mwanzo hazikubadilika, C. M. G. kwa C. M. G. Herufi hizo hizo Waingereza huwapa mabalozi na magavana wao kama nishani. Yeye hakusubiri kupewa.

Je, wajua kwamba hakutumwa Ulaya kusomea sheria? Alikuwa amepita Makerere na kufundisha shule, ndipo mwaka 1947 akapata ufadhili wa kwenda Cardiff, Wales, kusomea masomo ya jamii. Alipofika huko akabadili njia, na mwaka 1951 akapokelewa kuwa wakili katika Lincoln's Inn, London. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kutoka Kenya kufanya kazi hiyo. Alioa huko, mwanamke Mzungu aitwaye Mavis Tate, na ndoa hiyo peke yake ilitosha kuwakosesha usingizi walowezi wa Nairobi.

Aliporudi mwaka 1952 serikali ilimpa kazi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, kwa mshahara wa chini kuliko wa Mzungu mwenye shahada na uzoefu sawa na wake. Akawaambia hapana. Akafungua ofisi yake mwenyewe jijini Nairobi, na haukupita muda Hali ya Hatari ikatangazwa, tarehe 20 Oktoba.

Hapa lazima tukae kidogo. Mwaka 1953 serikali iliunda mahakama maalum za Hali ya Hatari ili kesi za Mau Mau ziende mbio. Mtu aliweza kunyongwa kwa kupatikana na risasi au kwa kulisha kiapo, hata kama hakuua. Waliopandishwa kitanzini katika miaka hiyo ni zaidi ya 1,000, idadi isiyo na mfano katika makoloni ya Uingereza ya karne ya 20. Katika mahakama hizo mshtakiwa alikuwa na bahati akipata wakili mwenye saa moja ya kusoma jalada. Argwings-Kodhek, kijana wa miaka 30 kutoka Gem, alisimama humo mara kwa mara akiwatetea watu ambao hakuongea lugha yao ya nyumbani. Sifa yake ilijengwa hapo, kwenye vizimba vya washtakiwa wa Mlima Kenya, kabla hajapanda jukwaa lolote la siasa. Siku hizi hesabu za kura zikipigwa kwa makabila, ukweli huo huwekwa kando kwa sababu unaharibu hesabu.

Je, wajua kwamba chama chake kilinyang'anywa jina? Vyama vya Waafrika vya nchi nzima vilikuwa vimepigwa marufuku, na kuanzia 1955 serikali iliruhusu vya wilaya tu. Yeye akapeleka maombi ya kuandikisha Kenya African National Congress. Wakamrudishia: ondoa Kenya. Kikaandikishwa kama Nairobi District African Congress. Yaani chama cha taifa kilichoamriwa kuishia Dagoretti.

Je, wajua kwamba wakili wa kwanza alishindwa na bwana afya? Uchaguzi wa Machi 1957 ulikuwa wa kwanza ambapo Waafrika waliwachagua wawakilishi wao wenyewe kwenda Baraza la Kutunga Sheria, viti vinane. Kiti cha Nairobi kiligombewa na Argwings-Kodhek na Tom Mboya wa Rusinga, aliyekuwa ameanza kazi kama mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji kabla ya kuingia vyama vya wafanyakazi na kwenda Ruskin College, Oxford. Mboya alishinda kwa tofauti ya kura mia chache.

Lakini tazama ni kura za namna gani. Sheria ya uchaguzi huo iliruhusu mpigakura mmoja kuwa na hadi kura tatu, kulingana na elimu, mapato, mali na utumishi wake. Na Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuandikishwa bila cheti cha uaminifu kwa serikali. Maana yake ni kwamba wengi wa wale aliowatetea Argwings-Kodhek mahakamani, na ndugu zao, hawakuwa na kura ya kumpa. Mboya alikuwa mwanasiasa hodari na sisemi alishinda kwa hila. Nasema tu kwamba wateja wa mpinzani wake walikuwa nyuma ya seng'enge.

Siku hizo hizo, kule Nyanza ya Kati, Oginga Odinga alimwangusha B. A. Ohanga, Mwafrika wa kwanza kuwa waziri Kenya. Ohanga naye alikuwa mtu wa Gem.

Argwings-Kodhek alikuja kuingia bungeni kwa kiti cha nyumbani, Gem, mwaka 1963, kwa tiketi ya KANU. Odinga alipojitoa KANU na kuunda chama cha KPU mwaka 1966, Argwings-Kodhek alibaki serikalini. Kwa mwanasiasa wa Nyanza wakati ule, huo haukuwa uamuzi wa kumpatia makofi nyumbani. Alifika uwaziri, na mwisho alishughulikia mambo ya nje katika Ofisi ya Rais.

Je, wajua alivyokufa? Tarehe 29 Januari 1969, katika barabara ya Hurlingham, Nairobi. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Nyanza haikuamini, na hadi leo kuna wazee ukiwatajia ajali hiyo wanakutazama tu. Barabara ile ikapewa jina lake. Abiria wa matatu ya namba 46 kwenda Kawangware hulisikia likitajwa na makanga kila asubuhi, na ukiuliza ndani ya gari Argwings alikuwa nani, andaa masikio kusikia majibu ya kila aina.

Mwaka huo haukuishia hapo. Mei, uchaguzi mdogo wa Gem ulichukuliwa na Wasonga Sijeyo wa KPU, na KANU ikapata kipigo cha aibu. Julai 5, Mboya akapigwa risasi jijini Nairobi. Oktoba 25, Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, kukawa na fujo, walinzi wakafyatua risasi na watu wakafa. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku. Sijeyo, aliyekaa bungeni miezi tu, akakaa kizuizini hadi 1978.

Je, wajua kwamba Gem haikuchoka na mawakili? Baada ya hayo yote ikamchagua Isaac Omolo Okero, wakili, aliyekuja kuwa waziri na baadaye sana mwenyekiti wa Kenya Airways. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 ikamchagua Oki Ooko Ombaka, wakili tena, aliyefariki mwaka 2002 akiwa makamu mwenyekiti wa tume iliyokuwa ikiandaa katiba mpya. Eneo bunge moja, mawakili watatu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa jaji.

Na hapo ndipo swali linapoanza. Toka joho hadi kura, njia ni pana na imekanyagwa sana. Toka kura hadi kiti cha jaji, ni kichochoro. Nani amepita?

Je, wajua kwamba Kenya waliotangulia kupita walikuwa wa asili ya Kihindi? Chunilal Madan, wakili, aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1948, akawa waziri asiye na wizara maalum, kisha mwaka 1961 akawekwa kuwa jaji. Mwaka 1985 akawa Jaji Mkuu, kwa muda wa mwaka mmoja tu hivi, lakini mwaka huo ulitosha. Katika kesi ya mfanyabiashara Stanley Githunguri, mahakama iliyoongozwa naye ilimkataza Mwanasheria Mkuu kufufua mashtaka ya fedha za kigeni ambayo mshtakiwa alikuwa amekwisha kuambiwa yamefungwa. Enzi zile za chama kimoja, kumkatalia Mwanasheria Mkuu kulihitaji kifua.

Chanan Singh je? Alizaliwa Punjab, akaja Kenya akawa karani wa reli, ile ile iliyoishia Kisumu. Akajisomea sheria, akawa wakili, akaingia siasa upande wa Waafrika, akawa katibu wa bunge katika ofisi ya Kenyatta, na mwaka 1964 akawa jaji wa Mahakama Kuu.

Kitili Mwendwa alipita kichochoro kinyumenyume. Alikuwa Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika, 1968 hadi 1971, halafu miaka ya 80 akawa mbunge.

Njoki Ndung'u alipita mbelembele: mbunge wa kuteuliwa kutoka 2003, mama wa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, jaji wa Mahakama ya Juu kutoka 2011.

Lakini ukitaka simulizi kamili ya wakili, mwanasiasa, jaji, panda meli uvuke ziwa.

Je, wajua kwamba Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda hakuwa Milton Obote? Alikuwa Benedicto Kiwanuka, mzaliwa wa Buddu upande wa Masaka. Alikuwa askari katika Vita vya Pili vya Dunia, halafu mkalimani wa Mahakama Kuu. Kusikiliza mawakili wakibishana huku akiwatafsiria bila kuruhusiwa kutia neno lake kulimpeleka Basutoland kusoma, kisha London, na mwaka 1956 akapokelewa Gray's Inn. Alifanya uwakili Kampala miaka michache tu. Mwaka 1958 alichukua uongozi wa Democratic Party, mwaka 1961 chama kikashinda uchaguzi, na Machi 1, 1962, Uganda ilipopata serikali ya ndani, akawa Waziri Mkuu. Alikaa chini ya miezi miwili. Aprili akashindwa na muungano wa UPC na Kabaka Yekka, kwa hiyo bendera ya uhuru ya Oktoba ilipandishwa Obote akiwa madarakani. Obote alimweka kizuizini mwaka 1969.

Idi Amin akamtoa Januari 1971, na katikati ya mwaka huo akamfanya Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kukalia kiti hicho. Ilionekana kama shukrani. Lakini Kiwanuka alikichukulia kiti kwa uzito wake. Septemba 1972 mahakama yake iliamuru aachiliwe Mwingereza mmoja, Daniel Stewart, aliyekuwa akishikiliwa na wanajeshi, na ikasema jeshi halina mamlaka ya kukamata raia namna hiyo. Asubuhi ya Septemba 21 watu wenye silaha wakaingia Mahakama Kuu Kampala, wakamchukua ofisini mchana kweupe, wakamtia ndani ya gari. Mwili wake haukupatikana. Mahakama ya Uganda sasa hufanya mhadhara wa kila mwaka kwa jina lake.

Upande wa kusini wa ziwa mambo yalikwenda vizuri zaidi. Ukitoka Migori ukavuka mpaka pale Sirari, ukapita Tarime na Musoma, unafika Bunda, mkoani Mara, nyumbani kwa Joseph Sinde Warioba. Alisoma sheria Dar es Salaam miaka ya 60, akawa mwanasheria wa serikali na wa jiji, akawa Mwanasheria Mkuu, akawa Waziri wa Sheria, na kuanzia 1985 hadi 1990 Waziri Mkuu wa Tanzania.

Je, wajua kwamba mtu huyu wa maji baridi alikuwa jaji wa maji chumvi? Warioba alikuwa katika kundi la kwanza la majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, iliyoko Hamburg, Ujerumani, 1996 hadi 1999. Hakupewa kwa upendeleo: miaka ya 80 aliongoza tume ya Umoja wa Mataifa iliyoandaa utekelezaji wa mkataba wenyewe wa sheria ya bahari. Baadaye akawa jaji wa Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Katikati ya hayo, mwaka 1996, aliongoza tume iliyochunguza rushwa Tanzania, na mwaka 2012 akaongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba, ambayo rasimu yake ilipendekeza serikali tatu. Bunge la Katiba liliirudisha kwenye mbili. Watanzania humwita Jaji Warioba. Uwaziri mkuu wa miaka mitano haukuacha cheo kinachokaa mdomoni hivyo.

Turudi nyumbani.

Je, wajua kwamba kesi maarufu kuliko zote za Nyanza ilikuwa juu ya maiti ya wakili? S. M. Otieno wa Nyalgunga, Siaya, alikuwa wakili wa jinai jijini Nairobi, mpenzi wa Shakespeare. Alifariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, aliyekuwa mpiganaji wa Mau Mau, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mluo huzikwa kwao. Mashahidi walikuwa kuanzia profesa wa falsafa, Odera Oruka, hadi mchimba makaburi. Jaji Bosire akaupa ukoo ushindi, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye, na Otieno akazikwa Nyalgunga Mei 1987, miezi mitano baada ya kufa. Wakili wa ukoo, Richard Kwach, akaja kuwa jaji wa Mahakama ya Rufaa. Mwaka 1998 kamati iliyokuwa na jina lake iliandika waziwazi kwamba kuna ufisadi ndani ya mahakama za Kenya, miaka kadhaa kabla ya wengine kuthubutu.

Tume ya kuchunguza kifo cha Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje aliyeuawa Februari 1990, ilisikiliza mashahidi hapa Kisumu. Je, wajua kwamba ilizaa Majaji Wakuu wawili? Mwenyekiti wake, Jaji Evans Gicheru, alikifikia cheo hicho mwaka 2003. Wakili aliyeisaidia kuhoji mashahidi, Bernard Chunga, alimtangulia mwaka 1999. Tume yenyewe Rais Moi aliivunja Novemba 1991 kabla haijatoa ripoti.

James Orengo wa Ugenya aliingia bungeni mwaka 1980 akiwa chini ya miaka 30, akawa mmoja wa wale wabunge saba ambao waziri Charles Njonjo aliwabandika jina la dada wenye ndevu. Amekuwa mbunge, waziri wa ardhi, seneta, na sasa ni Gavana wa Siaya. Ujaji? Sidhani kama angevumilia kukaa kimya wenzake wakisema.

Budalangi, penye Port Victoria, ilimpeleka bungeni mwaka 2007 wakili Ababu Namwamba, ambaye aliongoza Kamati ya Bunge ya Sheria. Na Kaunti ya Busia yote, Port Victoria ikiwemo, seneta wake tangu 2022 ni Okiya Omtatah, mtu ambaye amefungua kesi za kikatiba kuliko mawakili wengi wenye ofisi. Omtatah si wakili.

Sasa jambo la karibuni, na ndilo linalonivutia kuliko mengine.

Je, wajua kwamba David Maraga, kabla ya kuwa Jaji Mkuu, aliongoza Mahakama ya Rufaa ya Kisumu? Mzaliwa wa Nyamira, mwaka 1951, alifanya uwakili Nakuru kwa takriban robo karne. Hakuwa wa zile ofisi za ghorofani Nairobi zenye wateja wa mabenki. Alikuwa wakili wa mji wa mkoani. Akawa jaji wa Mahakama Kuu mwaka 2003, wa Rufaa mwaka 2012. Alipohojiwa kwa kazi ya Jaji Mkuu mwaka 2016 aliulizwa angefanyaje ikiwa kesi ya urais itaangukia Jumamosi. Yeye ni Msabato. Alijibu kwamba Jumamosi hatakaa mahakamani, wenzake watamsaidia. Kazi akapewa.

Mwaka mmoja haukupita kesi ikaja. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya uchaguzi wa Rais, jambo ambalo halikuwa limetokea Afrika. Mawakili waliosimama upande wa mlalamikaji, Raila Odinga, walikuwa watu wa ziwa, Orengo na Otiende Amollo, aliyekuwa amechaguliwa mbunge wa Rarieda mwezi uliotangulia. Majaji wanne walikubali, wawili wakapinga: Profesa Jackton Ojwang, na yule Njoki Ndung'u aliyewahi kuwa mbunge. Unaweza kujiuliza kama kuketi bungeni hubadilisha jinsi mtu anavyoyapima makosa ya uchaguzi. Mimi nimejiuliza.

Septemba 2020 Maraga alimshauri Rais Uhuru Kenyatta avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya theluthi mbili ya jinsia. Bunge halikuvunjwa. Januari 2021 alitimiza miaka 70, akastaafu. Wengi tulidhani amekwenda kulima. Mwaka 2025 akatangaza kwamba atawania urais mwaka 2027. Kwa hiyo yeye naye yuko kwenye kichochoro, ila anatokea upande wa Kitili Mwendwa.

Tanzania walikwisha kuona ya namna hiyo. Augustino Ramadhani alikuwa brigedia, Jaji Mkuu wa Zanzibar, Jaji Mkuu wa Tanzania, na baada ya kustaafu akawa kasisi wa Anglikana. Mwaka 2015 akachukua fomu ya kuomba CCM imteue kugombea urais. Hakuteuliwa.

Marekani aliyefanikiwa kuwa Rais na pia Jaji Mkuu ni mmoja, William Howard Taft: wakili wa Ohio, jaji, Rais 1909 hadi 1913, kisha Jaji Mkuu kutoka 1921. Na mwanasheria mwenye asili ya Nyang'oma Kogelo aliyekuwa Rais wa Marekani, Barack Obama, alifundisha sheria ya katiba Chicago kwa miaka 12. Cheo cha jaji hajawahi kukigusa.

La mwisho. Je, wajua kwamba mtu wa Kisumu alisababisha mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ubadilishwe? Mwaka 2006 Peter Anyang' Nyong'o, wakati huo mbunge wa Kisumu Rural, aliishtaki serikali katika Mahakama ya Afrika Mashariki yeye na wenzake, wakisema wajumbe wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki hawakuchaguliwa kama mkataba unavyotaka. Novemba mahakama ikazuia wajumbe hao wasiapishwe. Nairobi ikachukia, na kabla ya mwaka kwisha viongozi wa nchi wanachama wakaurekebisha mkataba, wakaigawa mahakama sehemu mbili na kuongeza sababu za kumwondoa jaji. Machi 2007 hukumu ikatoka, Nyong'o na wenzake wakashinda hata hivyo. Tangu 2017 yeye ni Gavana wa Kisumu, ambako pia ndiko makao ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ya Jumuiya hiyo hiyo. Alisomea sayansi ya siasa. Joho la uwakili hajalivaa.